Amana ya Tofali: Benki ya Wakulima ya Owatonna

Neno amana lina makazi mawili katika Kiswahili. Ni kile alichokabidhiwa mtu akitunze mpaka mwenyewe atakapokitaka, na ni fedha iwekwayo benki. Lugha haikuona haja ya kutafuta neno jingine, kwani anayepeleka fedha yake benki hufikiri kuwa anafanya lile lile alilofanya babu yake alipomwachia jirani mkufu au hati ya shamba kabla ya safari. Lakini jirani aliuweka mkufu kashani. Benki haiweki. Huichukua fedha ikamkopesha mtu mwingine, naye akanunulia mbegu, ng'ombe au ardhi. Na siku zote sehemu kubwa ya mali ya watu imo nje, mashambani na madukani, wala haimo ndani ya kuta. Jirani ambaye angemkopesha mtu mkufu alioachiwa angeitwa khaini. Benki ifanyayo hivyo huitwa benki.

Hapa ndipo jengo linapoingia. Mweka amana hawezi kuiona fedha yake ilipo, basi huonyeshwa kitu kingine badala yake: ukuta mnene, mlango mzito, nguzo zisizotikisika. Katika miji midogo ya Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ile ya ishirini, desturi ilikuwa kuivisha benki sura ya hekalu la Kiyunani au la Kirumi. Serikali kuu ya nchi hiyo haikuwa bado imeanza kuzikatia bima amana za watu. Hilo lilikuja kwa sheria ya mwaka 1933. Mkulima aliyekuwa na dola mia mbili mkononi hakuwa na mizania ya kusoma wala mkaguzi wa kumuuliza. Alikuwa na macho yake. Mwenye benki alilijua hilo, akayapa macho hayo kitu cha kutazama.

Msanifu majengo Louis Sullivan aliwadhihaki waliojenga hivyo. Aliandika kwamba mwenye benki akaaye katika hekalu la Kirumi yampasa naye avae joho la Kirumi na makubazi, na aendeshe shughuli zake kwa Kilatini. Dhihaka hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Kama jengo ni neno ambalo benki inamwambia mteja wake, basi nguzo za kuazima ni neno la kuazima, na mtu aanzaye kwa maneno ya watu huenda akamaliza kwa mali ya watu. Swali linalobaki ni gumu zaidi. Je, neno la kweli, lililotungwa upya kwa uaminifu na ustadi wote, laweza kuwa dhamana ya fedha? Sullivan mwenyewe alilijenga swali hilo kwa matofali, katika mji wa Owatonna.

Owatonna ni mji mdogo wa kusini mwa jimbo la Minnesota. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wakaazi wake hawakufika elfu sita, na kote kuuzunguka walikuwa wakulima waliokuwa wakiiacha ngano taratibu na kuwageukia ng'ombe wa maziwa. Benki yao, National Farmers' Bank, ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Bennett. Carl K. Bennett, aliyekuwa makamu wa rais wa benki hiyo, alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mapenzi yake yalikuwa katika muziki. Lakini ukoo ulimhitaji, akarudi nyumbani kushika daftari za mikopo. Ulipofika wakati wa kujenga jumba jipya, hakutaka hekalu. Alipekua majarida akitafuta mtu mwenye fikra yake mwenyewe, akakutana na makala ya Sullivan katika jarida la The Craftsman, akamwita.

Mwito huo ulimkuta Sullivan katika hali ya uhitaji. Alizaliwa Boston mwaka 1856, akapata umaarufu mkubwa huko Chicago pamoja na mshirika wake Dankmar Adler: jumba la Auditorium lililokamilika mwaka 1889 ni lao, na jengo refu la Wainwright katika mji wa St. Louis ni lao pia. Ushirika wao ulivunjika mwaka 1895. Tangu hapo jina lilikuwa kubwa na kazi chache. Mitindo ya watu ilirudi kwenye nguzo za kale. Naye Sullivan hakuwa mtu wa kujikunja, wala hakuwa mwepesi wa kumvumilia mteja. Mtu aliyekuwa amezoea kujenga maghorofa ya miji mikuu sasa aliombwa ajenge benki ya wafuga ng'ombe. Akaikubali kazi, na hakuifanya kama mtu aliyeshushwa cheo.

Jengo lilikamilika mwaka 1908. Limesimama kwenye kona ya barabara mbili, mraba wa futi 68 kila upande, juu ya msingi wa jiwe jekundu la mchanga. Kuta zake ni za matofali mekundu ya vivuli vingi, hata kwa mbali hufanana na busati lililofumwa. Kila upande unaotazama barabara umekatwa na tao moja kubwa, upana wake futi 36, na ndani ya tao hilo mna dirisha la vioo vya rangi. Kuzunguka kuta umepita utepe wa udongo uliochomwa na kutiwa rangi ya kijani, pamoja na vijiwe vya kioo. Na kwenye pembe za juu yamewekwa mapambo mazito ya majani yanayojikunja, yanayochomoza ukutani kama mmea uliopata nyufa. Mtu wa pwani aliyezoea kutazama milango ya nakshi ataelewa upesi jambo moja: nakshi hii haikupachikwa ili kuficha upungufu wa ukuta. Ukuta ni mtupu kwa makusudi, ili nakshi iwe na mahali pa kusemea.

Ndani, mwanga huingia kwa kijani na dhahabu, kama mtu aliyesimama shambani chini ya miti. Zimening'inia taa nne za chuma cha kusubu, kila moja yenye uzito wa tani mbili na zaidi. Ukutani, chini ya matao, mchoraji Oskar Gross alichora ng'ombe wa maziwa malishoni na wavunaji kondeni. Sullivan alimwandikia Bennett kwamba msimu wote wa machipuo wa mwaka ule alikuwa amezama katika kuzichunguza rangi za nje, za mashamba na miti, kwa ajili ya benki hiyo, na kwamba alitaka kuzipanga rangi kama zipangwavyo sauti katika muziki. Alijua anamwandikia nani. Haki pia imtaje George Grant Elmslie, msaidizi wake mzaliwa wa Uskochi, ambaye mkono wake ulichora sehemu kubwa ya nakshi zile, na ambaye jina lake mara nyingi humezwa na jina la bwana wake.

Lakini jambo lililo karibu zaidi na maadili si rangi. Katika ramani ya jengo kilitengwa chumba cha wakulima, mahali ambapo mtu aliyetoka kondeni na buti zake angeweza kukaa, kungoja, kuonana na wenzake. Na kingine kikatengwa kwa ajili ya wanawake. Katika hekalu la Kirumi mkulima ni mwombaji. Katika jumba la Owatonna alikuta kazi yake imechorwa ukutani, juu ya vichwa vya makarani, kubwa kuliko sura ya tajiri yeyote. Mwaka ule ule wa 1908 Bennett aliandika makala katika The Craftsman akiieleza benki hiyo kuwa imejengwa kwa ajili ya wakulima, na hapana sababu ya kudhani kwamba hakuamini alichokiandika.

Mkaidi angeweza kuuliza hapa: kwa fedha ya nani? Benki haina shamba wala kiwanda. Kila kioo kilichotiwa rangi na kila tani ya chuma ililipwa, kwa njia moja au nyingine, kutokana na faida ya fedha za watu. Mlinzi wa amana anaruhusiwa kuipamba nyumba anamoilindia? Jibu jepesi ni kwamba pambo huleta wateja, na wateja huleta faida, na hivyo mweka amana hapotezi kitu. Jibu hilo linaweza kuwa kweli katika hesabu na bado likawa na aibu ndani yake. Maana likikubaliwa, basi ng'ombe wale ukutani ni chambo, na chumba cha wakulima ni mtego uliotandikwa mazulia. Jibu jingine, lililo karibu zaidi na moyo wa Sullivan, ni kwamba watu wa mji mdogo wana haki ya uzuri kama walivyo nayo wa mji mkubwa, na kwamba benki, ikiwa ndiyo nyumba kubwa ambayo wote huingia, ndiyo iliyopaswa kuutoa. Majibu hayo mawili hayapatani vizuri, na huenda Bennett aliishi nayo yote mawili bila kuona ufa. Wengi huishi hivyo.

Kisha ikaja miaka ya 1920. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia bei za mazao zilipanda sana, na bei ya ardhi ikapanda nazo; wakulima walikopa ili kununua mashamba, nazo benki za mashambani zikakopesha kwa rehani ya ardhi ile ile iliyovimba bei. Ngano iliyouzwa kwa zaidi ya dola mbili kwa busheli mwaka 1919 ilikuwa imeshuka kufikia karibu dola moja mwishoni mwa mwaka 1921. Deni halikushuka nayo. Kati ya mwaka 1921 na 1929 zaidi ya benki 5,000 zilifunga milango yao nchini Marekani, nyingi zikiwa ndogo na za vijijini, kabla hata ya msukosuko mkuu ambao dunia inaukumbuka. National Farmers' Bank ya Owatonna ilianguka mwaka 1926. Carl Bennett alianguka nayo, akaiacha mali na mji.

Tao halikupata hata ufa.

Ni hapo ndipo linapotoka swali la Owatonna, na halijibiki kwa kulisifu jengo. Kwa miaka kumi na minane matofali yale yalikuwa yakimwambia kila apitaye: hapa pana uthabiti. Uthabiti ulikuwapo kweli, ila ulikuwa wa matofali. Ule wa fedha ulikaa mahali ambapo hakuna msanifu awezaye kufika, katika bei ya nafaka iliyopangwa masokoni mbali na Minnesota, na katika tabia ya wakopaji. Je, jengo lilidanganya?

Tuseme mjane mmoja wa mji wa namna hiyo, katika miaka hiyo isiyo na bima, aliweka fedha ya nyumba aliyouza. Benki ikifungwa, yeye husubiri wafilisi wakusanye madeni yanayokusanyika, kisha hupata fungu la kilichobaki, kikibaki. Mtu akimwambia kwamba mwenye benki alikuwa na nia njema, kwamba naye amefilisika, atajibu nini? Nia njema humwondolea Bennett jina la khaini. Aliyekula amana na aliyeshindwa kuirudisha hawako daraja moja, na aliyeweka mali yake chini ya dari moja na mali za watu, ikaangukia wote, hawezi kuitwa mnafiki. Lakini tofauti hiyo ni ya Bennett, haimnunulii mjane mkate. Tena nia njema ilikuwa na sehemu yake katika maafa: mtu hodari wa hila angaliogopwa, na akiogopwa angechunguzwa. Bennett aliyejenga vile, kwa moyo ule, hakuonekana kuhitaji kuchunguzwa.

Basi yafaa yatenganishwe maneno mawili ambayo jengo lilikuwa likisema kwa kinywa kimoja. Neno la kwanza lilikuwa "fedha yako iko salama." Hilo tofali halina mamlaka ya kulisema, liwe la Sullivan au la fundi wa kijijini, na kila benki iliyolisema kwa nguzo au kwa tao ilisema zaidi ya ilichojua. Neno la pili lilikuwa "kazi yako ina heshima hii." Hilo lilikuwa kweli siku ya kwanza, na kuanguka kwa benki hakukulifanya uongo, ng'ombe walistahili kuchorwa, mwanga ule ulistahili kumwangukia mtu mwenye buti za matope. Kosa halimo katika kulisema neno la pili. Limo katika kuliacha lilipie la kwanza, na katika kosa hilo mjenzi, mwenye benki na mweka amana wote walishiriki, ingawa hasara hawakugawana sawa.

Sullivan hakuishi kuona. Mwaka 1909, baada tu ya jumba kukamilika, ilimbidi auze kwa mnada vitabu na samani zake. Mwaka huo huo Elmslie alimwacha, kwa kuwa hapakuwa tena na mshahara. Alijenga benki nyingine saba katika miji midogo ya Iowa, Ohio, Indiana na Wisconsin. Kuhusu ile ya Sidney, Ohio, inasimuliwa kwamba alikaa siku mbili kando ya barabara akikitazama kiwanja na kuvuta sigara, kisha akawaeleza wakurugenzi kila kitu kwa maneno na mchoro. Mmoja wao alipotamani kitu cha Kiyunani, Sullivan alianza kuikunja michoro yake akimwambia kwamba nguzo angezipata kwa wasanifu elfu, lakini jengo hili kwa mmoja tu. (Wapenzi wake huisimulia hadithi hiyo kwa furaha, na kama hadithi zote za aina hiyo huenda imenolewa kidogo.) Juu ya mlango wa Sidney liliandikwa kwa vijiwe vya kioo neno lenye maana ya kuweka akiba. Aliyeliandika hakuwa na akiba. Alifariki Chicago tarehe 14 Aprili 1924, akiishi kwa msaada wa marafiki, miaka miwili kabla benki ya Owatonna haijaanguka.

Jengo lenyewe lilipata wenyewe wapya, benki nyingine iliyoitwa Security Bank and Trust. Mwaka 1940 hao waliamua kulifanya la kisasa. Vizimba vya makarani vilivyozungushiwa chuma cha nakshi viling'olewa, na mapambo mengi ya ndani yakatoweka pamoja navyo. Hakuna sheria iliyovunjwa. Jumba lilikuwa lao, chuma kilikuwa chao, na mwenye mali ana haki ya kubomoa meza yake. Hapana mweka amana aliyepoteza senti.

Matukio haya mawili yakiwekwa bega kwa bega hutia wasiwasi. Mwaka 1926 mtu aliyetaka kuilinda amana aliipoteza, na mji ulimhesabia kosa, na ulikuwa na haki. Mwaka 1940 watu waliokuwa na uwezo kamili wa kulinda kitu walikivunja, na mji haukuhesabu kitu, kwa kuwa kitu hicho hakikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Lakini nani aliyekabidhiwa mwanga ule na chuma kile? Wakulima hawakulipia kwa hiari, lakini walikuwa wamelipia. Nakshi ile ndiyo iliyosalia kwao kutokana na benki iliyoanguka. Kuna maana fulani ambayo kwayo jumba lile lilikuwa amana pekee ya National Farmers' Bank iliyokuwa bado mzima, na ikavunjwa na benki iliyokuwa imara kifedha. Mtu anaweza kupinga kwamba huku ni kulitumia neno amana kwa kuling'ang'aniza, kwamba amana yahitaji mwenye kuikabidhi na mwenye kupokea, na hapa hakuna aliyekabidhi. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo kila jengo la hadhara hukabidhiwa na waliokufa kwa wasiozaliwa, nao hawatii saini.

Kilichobaki kikapata bahati. Kati ya mwaka 1956 na 1958 benki ile ile ya Security ilimwita msanifu Harwell Hamilton Harris, akairekebisha kwa kuiheshimu kazi ya kwanza, ingawa vizimba vya asili havikurudi. Baadhi ya vipande vya chuma vilivyong'olewa vimeishia katika majumba ya makumbusho, nyuma ya vioo. Mwaka 1976 serikali ya Marekani ililitambua jengo kuwa turathi ya kitaifa. Wanafunzi wa usanifu hufunga safari kwenda kulitazama, na vitabu vilivyoandikwa juu yake ni vizuri. Katika mazungumzo mengi ya sifa, anguko la 1926 hutajwa kwa sentensi moja, kama mvua iliyonyesha siku ya harusi. Sentensi moja ni chache. Jengo hili haliwezi kupendwa kwa haki na mtu asiyewaweka ndani yake, chini ya mwanga ule ule wa kijani, watu waliokuja asubuhi moja wakaukuta mlango umefungwa. Uzuri wake ni wao kama ulivyo wa Sullivan, na waliununua ghali zaidi.

Mwaka 1981 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu ya senti 18 yenye picha ya tao la Owatonna. Juu yake limechapwa jina la Sullivan pamoja na mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki, na kando yake jina la National Farmers' Bank, benki ambayo wakati huo ilikuwa imefungwa kwa miaka 55.